Jinsi ya kuweka sayari inayovuta kwenye gemu ya vita vya anga mezani, tuanze na Mirihi

Wadau wengi wa gemu za vita za mezani wakihamia anga za juu wanafanya kitu kimoja, wanakata duara la kadi wanaliweka katikati ya meza wanasema hii ndo sayari, halafu vyombo vinaizunguka kama daladala kwenye kipilefti, vinapunguza vinapotaka vinasimama vinapotaka. Sayari ya hivyo ni kisiki tu. Sayari ya kweli inavuta, na ikishaanza kuvuta gemu nzima inageuka, maana huwezi tena kusimama hovyo, huwezi kumfukuza mtu kwa kukanyaga tu mafuta, na mtu aliyeko kwenye obiti, yani njia ya kuizunguka sayari, kila mtu mezani anajua atakuwa wapi raundi tatu zijazo. Na hesabu yake sio ya kuogopesha kabisa, ukishapanga skeli vizuri mwanzoni kilichobaki ni kusogeza kete na kuhesabu mpaka mbili.

Nitatumia Mirihi kwa sababu ni sayari tamu sana kwa gemu hii. Ina miezi miwili, Phobos na Deimos, ambayo mwanaastronomia Asaph Hall aliigundua mwaka 1877, na yote miwili inazunguka karibu kabisa kwenye usawa wa ikweta ya sayari, kwa hiyo ukiichora kwenye meza bapa hujadanganya sana. Sayari nyingine nitagusa mwishoni.

Hatua ya 1: panga skeli kabla hujachora chochote

Ramani yetu ni ya heksi, yani vile vyumba vya pembe sita. Hapa ndo pa kutulia maana skeli ikiwa mbovu mvutano hautafanya kazi hata ufanyeje. Tunataka hivi: chombo kikiwa heksi moja kutoka katikati ya sayari, mvutano ukisogeze heksi moja kila raundi. Pete ya heksi zinazogusa sayari zinakuwa sita, kwa hiyo mzunguko mmoja mzima unachukua raundi sita.

Ili hilo liendane na sayari yenyewe, chukua upana wa heksi kwa kilomita, upige kipeo cha tatu, gawanya kwa namba ya mvutano ya sayari, yani namba inayoonyesha inavuta kwa nguvu kiasi gani, halafu tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni urefu wa raundi kwa sekunde, ongeza asilimia 5 hivi uwe sahihi zaidi. Namba ya mvutano ya Mirihi ni 42,828, ya Dunia ni 398,600. Ukiweka heksi ya km 5,000 kwa Mirihi unapata sekunde 1,789 hivi, ambayo ni dakika 30 kasoro kidogo. Safi kabisa. Basi heksi moja ni km 5,000, raundi moja ni nusu saa.

Kutokana na hapo vingine vinajileta vyenyewe. Kasi ya heksi moja kwa raundi ni km 2.8 kwa sekunde. Kuongeza au kupunguza kasi kwa heksi moja ndani ya raundi moja ni sawa na injini inayosukuma kwa mita 1.5 hivi kwa sekunde kwa sekunde, karibu sawa na mvutano wa juu ya Mwezi wetu, yani abiria anakaa kwenye kiti vizuri tu. Ila usije ukadhani hivyo ni vyombo vya leo. Tukikipa chombo alama 6 za mafuta, kila moja ya kubadilisha kasi kwa heksi moja, maana yake kinaweza kubadilisha kasi kwa karibu km 17 kwa sekunde, na kwa injini nzuri ya haidrojeni na oksijeni, ambayo moshi wake unatoka kwa km 4.5 hivi kwa sekunde, ungehitaji kuondoka na tani 40 ili ibaki tani moja. Kwa hiyo vyombo vyetu ni vya nyuklia au kitu kingine cha baadaye, andika hivyo kwenye hadithi ya gemu yako mtu asikusumbue.

Skeli iandike kwenye kona ya ramani, na vipimo vyake. NASA walipoteza chombo chao cha Mars Climate Orbiter Septemba 1999 kwenye Mirihi hiihii kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya kizamani vya pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni, chombo kikashuka chini mno kwenye hewa. Sasa kama wao yamewakuta, nyie mliokaa saa tano usiku na soda mezani je.

Hatua ya 2: chora ramani

Heksi za sentimita 2.5 kutoka ubavu mmoja hadi ubavu wa pili zinatosha, ndogo zaidi ya hapo kete zinapandana. Tengeneza karatasi ya heksi kwenye kompyuta, iprinti A4 kumi na mbili stesheneri, unganisha nne kwa tatu, unapata ramani ya sentimita 84 kwa 89. Bandika nyuma manila ngumu. Ukiweza kuweka laminesheni au hata nailoni ya kufunikia madaftari ni bora zaidi maana utachora juu yake na maka pen ya kufutika.

Mirihi ina kipenyo cha km 6,779, kwenye skeli hii ni sentimita 3.4. Kizibo cha soda ya chupa kina sentimita 3.2. Yani Mungu akupe nini, weka kizibo katikati ya heksi ya kati, hiyo ndo Mirihi kwa ukubwa wake unaostahili. Phobos ina kilomita 22 tu hivi, ukiichora kwa haki ni nukta ambayo jicho halioni, kwa hiyo weka punje ya mchele na mkubaliane kwamba ni kubwa kupita kiasi, Deimos weka punje nyingine uipake rangi.

Heksi sita zinazogusa kizibo zipake rangi nyepesi na uzipe namba 1 mpaka 6 kufuata mshale wa saa. Kwenye kila moja chora mshale unaoelekea kwenye sayari. Hii ndo pete ya mvutano, na mishale usiidharau, nitakuonyesha kazi yake sasa hivi. Nje ya pete hakuna mvutano. Najua, kwa kweli upo, heksi ya pili kutoka katikati unabaki robo, ya tatu sehemu ya tisa, unaendelea kupungua hivyohivyo, ila ukianza kuhesabu robo za heksi mezani watu watalala. Wazo hili la heksi za mvutano kuizunguka sayari sio jipya, gemu ya Triplanetary ya kampuni ya GDW ilikuwa nalo mwaka 1973 na mpaka leo sijaona njia rahisi kuliko hiyo.

Hatua ya 3: kila chombo kete tatu

Chombo angani hakina breki. Kikiwa kinaenda heksi tatu kuelekea kaskazini kitaendelea heksi tatu kaskazini milele mpaka kitu kikisukume. Njia ya kuikumbuka hiyo kasi bila kuandika ni kete tatu kwa kila chombo: ya jana, ya leo na ya kesho. Ya jana inaonyesha kilipotoka, ya leo kilipo, ya kesho kitakapokuwa. Gemu ya Mayday ya 1978, nayo ya GDW, ilitumia mtindo huohuo. Kata vipande vya manila au tumia kete za drafti zenye rangi, andika namba ya chombo juu, basi.

Raundi inaenda hivi. Kwanza angalia kutoka jana mpaka leo ni heksi ngapi na upande gani, rudia mruko huohuo kutoka leo, weka kete ya kesho hapo. Pili, kama chombo kimeingia kwenye pete katika mruko wake uliopita, sogeza kete ya kesho kwa mvutano, nitaeleza chini. Tatu, ukitaka kuwasha injini sogeza kete ya kesho heksi moja upande wowote unaotaka na ukate alama moja ya mafuta, kwa chombo cha kawaida ni mara moja tu kwa raundi. Wote mkishamaliza, vyombo vyote vinahama kwa pamoja: kete ya leo inakuwa jana, ya kesho inakuwa leo. Halafu mnapigana.

Kuhusu kuwasha injini, mwende kwa siri. Kila mtu aandike kwenye kikaratasi amesukuma upande gani halafu mfunue pamoja, la sivyo anayesogeza wa mwisho anakula faida ya bure raundi zote.

Hatua ya 4: mvutano na obiti yenyewe

Sheria ni moja. Kila heksi ya pete ambayo chombo kimeingia katika mruko uliopita, inaisogeza kete ya kesho heksi moja kufuata mshale wa heksi hiyo. Umeingia mbili, inasogea mara mbili, kila moja na mshale wake. Ukibaki kwenye pete bila kusogea, heksi uliyopo inahesabika mara moja. Heksi uliyoanzia mruko haihesabiki tena maana ilishakuvuta. Na njia ikipita juu ya mstari unaotenganisha heksi mbili tu, bila kuingia ndani ya heksi ya pete, usihesabu.

Sasa tuifanye taratibu kwa mkono. Chombo kimetoka heksi 1 kimeingia heksi 2. Rudia mruko huo, kete ya kesho inaangukia nje ya pete, kwenye heksi inayogusa ya 2 na ya 3 kwa nje. Sasa mvutano: mshale wa heksi 2 unaelekea kwenye kizibo, isogeze kete ya kesho heksi moja kwa mwelekeo huohuo wa mshale. Inatua heksi 3. Ndo hivyo. Raundi inayofuata itatua 4, halafu 5, 6, inarudi 1, bila mafuta hata tone. Hiyo ni obiti, na hujaambiwa mahali popote na sheria kwamba "chombo kiko kwenye obiti", imetokea yenyewe kutokana na mvutano na mwendo, na ukimwonyesha mtu hiki kitu kwa mara ya kwanza atairudia mara mbili tatu kuhakikisha.

Kosa linalofanyika hapa ni la kuvuta kete ya kesho kuelekea sayari kutoka hapo kete ilipo badala ya kufuata mshale wa heksi iliyopitwa. Mwelekeo unakuwa tofauti na obiti inavunjika. Fuata mshale uliochorwa, usikisie kwa macho.

Kutoka kwenye obiti ni alama moja ya mafuta: sukuma kinyume na mshale, mvutano unafutika, unaenda moja kwa moja nje.

Hatua ya 5: kumfukuza mtu kwenye obiti

Hapa ndo wageni wote wanakwama. Adui yuko heksi mbili mbele yako kwenye pete, unaamua kuongeza mwendo umfikie. Uko heksi 2 umetokea 1, mvutano unakupeleka 3, unawasha injini kwenda mbele, kete inasogea mpaka nje ya pete, heksi moja juu ya ile ya 3. Umetupwa nje, yeye anaendelea kuzunguka zake chini. Mwanaanga James McDivitt alikutana na hili kwa kweli Juni 1965 akiwa ndani ya chombo cha Gemini 4, alijaribu kukisogelea kipande cha roketi lake kilichokuwa karibu kwa kukielekea na kusukuma, mafuta yakapungua na kipande hakikaribiki, mpaka wakaacha.

Ufanyeje sasa? Njia ya kwanza ni kugeuza uelekeo. Uko heksi 2, mvutano umeiweka kete ya kesho heksi 3, wewe sukuma uirudishe heksi 2. Raundi nzima umesimama palepale juu ya sayari huna mwendo kabisa. Raundi inayofuata mvutano unaitupa kete ya kesho ndani ya sayari yenyewe, unawasha injini tena unaihamishia heksi 1. Sasa unazunguka kinyume na unakutana naye uso kwa uso. Imekugharimu alama mbili na raundi moja ya roho mkononi, maana injini ikipigwa katikati ya hiyo hatua unadondoka na hakuna wa kukuokoa. Mi naipenda sana hii hatua, ndo pale mezani watu wanaacha kushika simu.

Njia ya pili ni kutoka nje ukamsubiri. Kwa kuwa obiti yake inajulikana, raundi ya tatu kutoka sasa yuko upande wa pili na raundi ya sita amerudi alipo. Tupa makombora yakutane naye huko. Kombora ni kete tatu vilevile, linaanza na mwendo wa chombo kilichorusha na lina alama mbili zake za mafuta, likimaliza linabaki linaelea na mwendo lilionao.

Na kama una roho mbaya, mwaga kokoto kwenye pete kinyume na mzunguko wa adui. Kila kilo moja inayogonga kwa km 3 kwa sekunde ina nishati ya karibu kilo moja ya baruti ya TNT, na mnapokutana uso kwa uso kwenye pete hii mnakaribiana kwa zaidi ya km 5 kwa sekunde, nishati inapanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Kokoto ni kete moja tu inayozunguka nyuma nyuma, kila chombo kinachokutana nayo, hata cha kwako, kinatupa dadu: 1 au 2 kimeumia. Ziache hapo mpaka mwisho wa mechi, haziondoki.

Hatua ya 6: kupita kwa kasi

Chombo kinachoingia kwa kasi ya 3 kikipita pembeni mwa sayari kinapindishwa. Sema kinapita heksi mbili za pete zilizopakana katika mruko mmoja wa heksi tatu. Raundi inayofuata mishale miwili inaivuta kete ya kesho, njia inapinda nyuzi 30 kuelekea upande wa sayari, mafuta hujagusa. Mtu mjanja anaingia na vyombo vinne kwa mstari, viwili anavipitisha kushoto viwili kulia, vinatokea upande wa pili njia zao zinakatana, na mlinzi hajui ageukie wapi.

Ukihesabu heksi utaona kasi imepanda kutoka 3 mpaka 4. Hapo gemu inadanganya kidogo, ukiwa unapima kutokea kwenye sayari yenyewe kasi ya kuijia toka mbali na ya kuondoka mpaka mbali ni ileile, kinachobadilika ni mwelekeo. Ile kasi ya ziada ambayo vyombo vya Voyager vilipata vilipopita Mshtarii (Jupiter) mwaka 1979 ilitokana na sayari yenyewe kuwa kwenye mwendo kuzunguka Jua. Mezani kwetu Mirihi imetulia kwa hiyo hiyo zawadi haistahili, ila mi naiacha, inawapa watu sababu ya kupita karibu.

Hatua ya 7: kutua, kuruka, kudondoka

Njia ya chombo ikiingia heksi ya sayari bila kukusudia, kimekwisha. Kutua kwa hiari lazima uwe tayari kwenye obiti, unatumia alama moja kuisogeza kete ya kesho mpaka ndani ya sayari, unashuka, kasi iliyobaki inaliwa na hewa. Hewa ya Mirihi ni nyembamba, haifiki asilimia moja ya ya kwetu, lakini inatosha: vyombo vya Mars Odyssey mwaka 2001 na Mars Reconnaissance Orbiter mwaka 2006 vilipunguza mwendo kwa kujipitisha juu yake taratibu miezi kadhaa. Miezi kadhaa kwenye gemu ya nusu saa kwa raundi haina nafasi, kwa hiyo usiruhusu mtu aingie na kasi ya 3 akasema anafunga breki kwa hewa.

Kuruka kutoka chini ni alama mbili. Ya kwanza inakutoa kwenye sayari mpaka kwenye pete. Raundi inayofuata mwendo wako wa kupanda na mvutano vinafutana, ungebaki hapohapo, unatumia ya pili kujisukuma pembeni kwenda heksi jirani ya pete na obiti imeanza. Ukisahau ya pili utasimama raundi moja halafu utarudi chini kwa kichwa.

Kuna mtu lazima atauliza kuhusu kurukia ikweta. Kweli ina faida, ndo moja ya sababu Wataliano walisimamisha majukwaa yao ya kurushia roketi ya San Marco baharini karibu na Malindi, na setilaiti ya Uhuru ilirushwa pale tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Lakini msukumo wa bure unaoupata ikweta kwa Dunia kujizungusha ni km 0.46 kwa sekunde, na wa Mirihi ni km 0.24 tu. Kwenye ramani yetu heksi moja ni km 2.8 kwa sekunde, kwa hiyo haufiki hata sehemu ya kumi ya heksi. Iache.

Hatua ya 8: sogeza miezi

Phobos iko km 9,376 kutoka katikati ya Mirihi, yani heksi 2. Pete ya heksi ya pili ina heksi 12, na Phobos inazunguka kwa saa 7 na dakika 39 ambazo ni raundi 15. Kwa hiyo inasogea heksi moja raundi nne mfululizo, ya tano inapumzika. Deimos iko km 23,463, weka heksi 5, pete yake ina heksi 30 na mzunguko wake ni saa 30 na kitu, raundi 60. Huyo anasogea heksi moja kila baada ya raundi mbili. Chora mstari wa raundi pembeni ya ramani uweke alama raundi za kupumzika, la sivyo mtabishana.

Miezi hii haina mvutano wa maana, juu ya Phobos mtu angeweza kurusha jiwe kwa mkono likaondoka moja kwa moja. Ili kutia nanga unatakiwa uwe kwenye heksi ileile ya mwezi huo na mwendo sawa na wake raundi hiyo. Faida ya nanga ni kubwa: unabebwa bure, unajaza mafuta kama kuna kituo, na kwenye pete ya pili hakuna namna nyingine ya kuzunguka bila kuchoma mafuta kwa sababu obiti ya bure iko pete ya kwanza peke yake.

Hatua ya 9: kuonana na kupiga

Sayari inaziba. Chora mstari kutoka chombo mpaka chombo, ukigusa kizibo hakuna kupiga. Kwa walio ndani ya pete ni rahisi zaidi, anayeonana na wewe ni jirani yako wa kushoto na wa kulia tu. Mtu anaweza kubisha kwamba heksi 1 na 3 zinaonana kwa kupitia pembeni, hapana, mstari huo unapita km 2,500 kutoka katikati na Mirihi ina nusu kipenyo cha km 3,390, umeingia ardhini. Maana yake kwenye obiti unaweza kujificha nyuma ya sayari, ila kwa raundi chache tu, na anayekusubiri nje anaijua saa utakayochomoza.

Kupiga tumia dadu mbili. Jumla lazima izidi umbali kwa heksi, na kama tofauti ya mwendo kati yenu inazidi 2 ongeza 1 kwa kila heksi iliyozidi. Tofauti ya mwendo unaipata kwa kuweka miruko yenu yote miwili ianzie heksi moja halafu unahesabu ncha zimeachana heksi ngapi. Mfano yuko umbali wa heksi 3 na tofauti ya mwendo ni 4: 3 kuongeza 2 ni 5, unatafuta 6 kwenda juu. Ukipata, tupa dadu moja: 1 hadi 3 umemwaga alama moja ya mafuta yake, 4 na 5 injini imezima raundi mbili, 6 silaha zimekufa. Injini kuzima ndo adhabu kali kuliko zote kwenye gemu yenye mvutano, kuna sehemu za ramani ukizimikiwa unapunga mkono tu.

Hatua ya 10: mechi ya kwanza

Mlinzi ana vyombo vitatu: viwili kwenye pete vinafuatana pande zinazotazamana, yani heksi 1 na 4, kimoja kimetia nanga Phobos. Kila kimoja alama 4 za mafuta, Phobos inajaza alama moja kwa raundi. Mshambuliaji ana vinne, vinaingia kutoka ukingo wowote wa ramani kwa kasi ya 3, alama 6 kila kimoja. Mechi ni raundi 20. Mshambuliaji anashinda akiwa na vyombo viwili kwenye obiti au chini ya sayari mwishoni.

Iko sawasawa kuliko inavyoonekana, kwa sababu mshambuliaji lazima afunge breki kutoka 3 mpaka 1 na afike kwenye pete kwa pembe inayotakiwa, na akipunguza mapema anakuwa shabaha ya polepole, akichelewa anapitiliza na kurudi kwake ni raundi nyingi. Mlinzi naye asikae kwenye obiti akisubiri, watamkuta. Kama mlinzi anashinda kila mara mpunguzie mafuta ya Phobos kabla hujamwongezea mwenzake vyombo.

Sayari nyingine

Dunia inakubali heksi ya km 10,000 na raundi ya dakika 28. Hapo Dunia nayo ina sentimita 3.2, kizibo kilekile, na Mwezi unakaa heksi 38 mbali, yani karibu sentimita 96, kwa hiyo tafuta meza ndefu. Kwenye skeli hiyo mvutano wa Mwezi kwenye heksi jirani ni mdogo mno kuhesabika, lakini ukitaka uwe na kazi wape wachezaji hiari, anayepita karibu nao achague mwenyewe kuvutwa au kutovutwa. Mshtarii namba yake ya mvutano ni milioni 126.7, weka heksi ya km 100,000 na raundi inakuwa dakika 49. Kwa miezi yake, Io inakaa heksi 4, Europa 7, Ganymede 11, Callisto 19. Ila alama moja ya mafuta hapo ni km 34 kwa sekunde, mara kumi na mbili ya ile ya Mirihi, kwa hiyo vyombo vyenu viwe vya karne nyingine kabisa, na usichanganye mafuta ya mechi moja na nyingine kama mnacheza kampeni.